Mama Pasi wa Benchi la Tatu

Alizaliwa amechoka, ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe kila alipoulizwa umri. Ilikuwa Machi mwaka 1947, mtoto wa kwanza wa dobi na mkewe, katika chumba kimoja chenye kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Akiwa na miaka tisa alijua kupima joto la pasi ya mkaa kwa kuisogeza karibu na shavu. Mama yake alipofariki aliacha shule darasa la nne, akabaki na wadogo zake wawili mgongoni.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kwa miaka thelathini na minne alifua mashuka ya wazazi, ya majeruhi na ya waliokufa. Mumewe alitangulia mapema, akamwachia watoto watano. Watoto nao wakamletea wajukuu, akawalea bila kuuliza watakaa hadi lini. Jumamosi alifua bure vitambaa vya kanisa, kikiwamo kile cha buluu kinachofunika jeneza la kila mwanachama wa umoja wa akina mama. Jumapili aliwahi ibada, akaketi benchi la tatu kutoka nyuma, na kabla somo la kwanza halijaisha alikuwa amelala fofofo.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 1998. Mwenyekiti wa umoja alimsimamisha mbele ya wenzake, akamtaka aombe radhi, la sivyo jina lake lifutwe na asizikwe kwa kitambaa.

“Unakoroma, Mama Pasi! Mchungaji anahubiri, wewe unamwitikia!”

Akina mama wakacheka, naye akacheka nao. Kisha akasema: “Dada yangu, nyumbani naitwa, kazini naitwa. Hapa tu ndipo hakuna anayeniita. Mungu akinihitaji, benchi langu analijua.”

Jina likafutwa. Jumamosi iliyofuata alikifua kitambaa kama kawaida, na akaendelea kukifua miaka ishirini na mmoja.

Alifariki Juni 2019, mchana, akiwa kitini, kikapu cha nguo za wajukuu miguuni pake. Mjukuu mdogo alidhani amesinzia, akamfunika shuka. Kitambaa cha buluu kilikuwa mezani, kimenyooshwa. Binti yake mkubwa, muuguzi, alikitandaza juu ya jeneza bila kumuuliza mtu. Mwenyekiti, sasa ajuza mwenye mkongojo, akamzuia mlangoni mwa kanisa.

“Mwanangu, kanuni ni kanuni. Mwombee samahani tu, tuyamalize.”

“Mama mkubwa, kinuse kwanza.”

Mwenyekiti akainama, akakinusa. Akaweka mkono juu ya jeneza.

“Na sasa atakifua nani?” akauliza.

“Leo si mimi. Nimechoka.”

Mwenyekiti akasogea kando, jeneza likapita na kitambaa chake.

Wauguzi wa zamani husimulia kwamba watoto wachanga waliacha kulia walipolazwa kwenye mashuka aliyoyanyoosha. Tunaoamini tunaamini. Lakini anayetaka kumwiga asianze na maajabu, ashike beseni. Akina mama sasa hukifua kitambaa kwa zamu, na anayesinzia benchi la tatu haamshwi. Kila mwaka, kumbukumbu hii inapotaka kusomwa, huja mtu kuuliza kama habari za usingizi haziwezi kuachwa. Haziwezi. Bibi yetu alilala kanisani, na hatuombi radhi.