Mkono wa Kwanza Kwenye Mkutano wa Kitongoji

Admin, nifichie jina na hata picha yangu, maana huku kwetu simu ya mtu haina siri, na mimi kwa sasa simwamini yeyote. Nina miaka 29, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi upande wa Igamba, Mbozi. Tunalima kahawa na maharage. Mama yangu mzazi ni mjane. Baba alipofariki nilimtoa kwao Ndalambo, mume wangu akamjengea kijumba nyuma ya nyumba yetu. Ni mtu wa kimya, hana shoga, na mpaka leo watu wanamwita mgeni.

Mvua zilipoanza, radi ilipiga ng'ombe wa jirani yetu, Mama Eliza. Maneno yakaanza, kwamba radi ile ilitumwa. Mama akipita, watu wanapunguza sauti. Nikamuuliza mume wangu, akaniambia, "Mimi siamini mambo hayo. Nikiwepo, hakuna wa kumgusa mama mkwe." Nikatulia, mjinga mimi.

Juzi nikaenda Tunduma kuuza maharage. Huku nyuma mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano. Narudi, nakuta wamekubaliana kuwaita lambalamba, wale waganga wanaopita nyumba kwa nyumba kutaja wachawi. Wanakuja Jumamosi. Kijiji cha jirani waliwahi kumtaja mzee mmoja, akavunjiwa nyumba na watu aliokuwa anasali nao. Kura ilikuwa ya kunyoosha mikono, na hakuna aliyekataa. Hata mume wangu.

"Na wewe ulinyoosha?" nikamuuliza.

Akainama kufunga kamba za viatu, na zilikuwa zimeshafungwa. "Ungekuwepo ungeelewa. Wote walikuwa wamenyoosha. Ningebaki peke yangu wangesema tunamficha."

Nililia kwa hasira, kisha nikaanza kupeleleza. Nilijua lazima kuna mtu mmoja aliyelipanga hili. Nikamshuku shemeji, kaka wa mume wangu, kwa sababu kijumba cha mama kimepakana na kahawa yake. Nikamfuata shambani, alikuwa anapalilia peke yake. Akaapa mpaka akavua kofia. "Shemeji, mimi sikutaka kabisa. Nilipoona mumeo kanyoosha, nikasema kama mwenye mkwe amekubali, mimi ni nani?"

Sasa nani mwongo hapo? Mume anasema aliwakuta wenzake wameshanyoosha, ndugu yake anasema alimwona yeye. Nikaenda kwa Mama Eliza mwenyewe, nikitegemea matusi. Akanivuta jikoni, akarudishia mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, radi ni radi. Wale ng'ombe walijikinga mvua chini ya mti. Lakini ningeachaje kunyoosha, na ng'ombe ni wangu, na watu wote wananitazama?"

Yaani kila ninayemkuta peke yake hakutaka! Nikamuuliza, basi aliyeanza ni nani? Akageukia sufuria, akasonga ugali mpaka ukaiva. Mwisho akasema, "Kamuulize mama yako."

Nilimkuta mama anachambua maharage uani. Nilipomuuliza nani alianza kunyoosha, hakuficha.

"Ni mimi, mwanangu. Mwenyekiti aliposema anayetaka lambalamba anyooshe mkono, hakuna aliyenyoosha. Wote wakageuka kuniangalia. Nikaona nikikaa hivihivi ndiyo nimekwisha. Nikanyoosha, waone sina cha kuogopa. Ndipo na wao wakanyoosha."

Jamani, niliumia. Mama yangu aliwaita mwenyewe, kwa kuogopa macho ya watu ambao, wakati ule, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amenyoosha mkono.

Nimemwomba nimpeleke Tunduma kwa rafiki yangu, amekataa. Anasema akiondoka kabla ya Jumamosi atakuwa amejitaja mwenyewe. Mume wangu anaapa kwamba safari hii atasimama naye, lakini kila akiapa mimi naangalia mikono yake tu. Nikienda polisi, majirani watasema tuna cha kuficha. Nimewaza kuomba mkutano mwingine nisimame niseme yote waliyoniambia. Ila Mama Eliza aliyesema jikoni mlango ukiwa umerudishiwa, atayarudia mbele za watu? Au wataangaliana, wakane wote, na mimi nitajwe pamoja na mama?

Jumamosi inakuja. Nimpandishe boda kwa nguvu nimtoroshe, au nisimame mkutanoni? Nishaurini, nifanye nini? Ila nawaomba kitu kimoja, ndugu zangu. Kila mtu aandike lake kabla hajasoma alichoandika wa juu yake.