Mashine Zilipozimwa, Kifua Changu Kilifunguka

Mnaponiona nimesimama hapa natoa ushuhuda, naongea moja kwa moja, mjue kuna wakati sala fupi tu ilikuwa inanishinda kumaliza kwa pumzi moja. Naitwa Anastazia, wengi mnaniita Mama Zawadi. Nimezaliwa Mpimbwe, nikaolewa hapa Mpanda mjini.

Nilikuwa mtu wa nguvu. Kazi yangu ilikuwa kupepeta mchele kwenye mashine za kukoboa, pembeni ya barabara ya vumbi wanakopita malori. Nyuma yetu kulikuwa na lundo la pumba, nazo zilichomwa palepale. Pumba haziwaki, zinafuka tu, mchana na usiku. Jioni tulirudi nyumbani nyusi zimekuwa nyeupe kama za bibi, tukachekana.

Kikohozi kilianza kikavu, cha kukereketa koo. Baadaye yakaja makohozi mazito, rangi ya majivu. Halafu kifua kikaanza kupiga filimbi. Nikilala chali nakosa hewa, kwa hiyo nililala nimekaa, nimeegemea gunia la mahindi. Nikikohoa sana mkojo ulinitoka. Nasema bila aibu, maana najua humu yupo mwenzangu anayefua kanga kwa siri.

Nilipimwa kifua kikuu, hawakukiona. Dawa za kikohozi nikanywa chupa kwa chupa. Wifi yangu akasema, "Huyu amerogwa." Mume wangu akakataa. "Mke wangu hachanjwi chale na mtu. Tutarudi hospitali mpaka tujue."

Ndipo ikaja corona. Nyie mnakumbuka. Ukikohoa sokoni watu wanakukimbia. Kanisani nilikaa benchi peke yangu. Nikajiambia, ugonjwa huu ukikikuta kifua hiki, basi tena. Wafanyabiashara wa mchele wakaacha kuja, malori yakapungua, mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Lile lundo likalowa mvua, likaacha kufuka. Sisi wapepetaji tukabaki nyumbani, tukala mihogo na matembele.

Sasa sikilizeni. Mimi niliyekuwa nasubiri kufa, nikaanza kupata nafuu. Asubuhi moja mume wangu aliniamsha kwa hofu.

"Mama Zawadi, upo?"

"Nipo, Baba Zawadi. Kwani vipi?"

"Sijakusikia ukikohoa. Nilidhani umeniacha."

Tukacheka, halafu akalia. Makohozi yakawa meupe, kisha yakakauka. Nikitoka nje naona vilima vyote mpaka miti yake. Hewa haikuwa na ladha yoyote, na hapo ndipo nilipojua kwamba siku zote ilikuwa na ladha. Nikashukuru, nikasema Mungu ameniponya.

Hofu ilipopungua, mashine zikawashwa. Nikachukua ungo wangu nikarudi kazini kwa furaha kabisa. Wiki haikuisha. Mchana mmoja upepo uliugeuzia moshi kwetu, na kifua kikafunga kama mtu amekikalia. Navuta, haiingii. Wenzangu wanasema midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mama Joji, niliyekuwa napepeta naye, alinipandisha bodaboda, akakaa nyuma yangu akinikumbatia nisidondoke mpaka hospitali.

Waliniwekea oksijeni. Nilipoweza kuongea, daktari, dada mmoja mtulivu, alivuta stuli akakaa.

"Mama, kuna wakati wowote kifua hiki kiliwahi kutulia?"

"Wakati wa corona."

Akashangaa. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Sikufanya kitu. Mashine zilikuwa zimezimwa."

Akaniuliza habari za vumbi, za moshi, za barabara. Akanipulizisha kwenye kipimo. Kisha akasema, "Hii ni pumu, mama. Vumbi na moshi ndivyo vinaiamsha. Hewa ilipotulia, mapafu yako yakapumzika. Dawa nitakupa, lakini dawa peke yake haitashindana na moshi wa kila siku."

Niliposikia jina la ugonjwa nilipata nguvu. Nilitoka na dawa ya kuvuta kwa mdomo, ile ya kopo dogo. Kazi ya ungo nikaiacha. Sasa nauza asali inayotoka Inyonga, pale Kashaulili, hapahapa mjini. Lakini wenzangu walikuwa bado kwenye moshi. Tukaenda wanawake kadhaa kwa mwenye mashine.

"Sasa pumba nizipeleke wapi?" akauliza.

"Wafuga kuku wanazitafuta za kutandika mabandani," Mama Joji akamjibu. "Tutakuletea hao wafugaji wazichukue."

Tukawaleta. Leo pumba hazichomwi pale, na wapepetaji wanafunika pua na mdomo kwa kitambaa. Vumbi la barabara bado lipo, siwadanganyi.

Namshukuru Mungu, na mume wangu, na daktari, na Mama Joji. Corona siishukuru, ilichukua watu. Ila wakati ule dunia iliponyamaza, mwili wangu ulisema kitu, na daktari akausikiliza.

Wewe unayekohoa, ziangalie siku unazopata nafuu. Uko wapi siku hizo? Nini kimezimwa? Kamwambie daktari. Na ukipewa dawa usiiache kwa sababu tu umejisikia vizuri. Ukitoka hapa, simama nje uvute pumzi taratibu mpaka mwisho. Ikigoma njiani, usingoje msimu upite. Nenda kesho asubuhi.