Uvimbe Uliojificha Kila Nilipolala

Assalamu alaikum, jamaa mliokaa hapa barazani pa hospitali. Najua mnasubiri kuitwa ndani. Hebu nisikilizeni kidogo. Mimi naitwa Salumu, Mluguru wa milimani, juu ya Bigwa. Nilipasuliwa tumbo katika chumba hichohicho mnachokiogopa, na leo nimeteremka kwa miguu yangu, mkungu wa ndizi kichwani. Mwaka jana nisingeweza kubeba hata kibuyu cha maji.

Zamani nilikuwa na nguvu mpaka nikawa na majivuno. Nilimwoa Mwanaidi, na kwetu mnajua, mwanamume anahamia ukweni na kuwalimia. Ukilima vizuri, mke ni wako. Ukilegea, unarudishwa kwenu na kikapu chako. Mama mkwe wangu, Bi Mwajuma, alikuwa na jicho kali sana kwenye shamba. Maneno hatukusemezana ana kwa ana, ndiyo heshima. Tukikutana njiani yeye anapita juu, mimi napita chini, kila mtu anatazama migomba.

Basi, vuli ile nilikuwa nalima mteremko wa maharage. Udongo ulikuwa umelowa. Jembe limezama, mpini umesimama unanielekea, mguu ukateleza. Nikauangukia kwa tumbo, hapa, kushoto kwa kitovu. Loo! Pumzi ilikatika. Damu haikutoka hata tone, ngozi ilikuwa nzima, ila pakavilia pakawa peusi kama zambarau. Nikasema, aah, jeraha gani hili lisilo na damu? Kesho yake nikarudi shambani.

Weusi ulipopungua, nikaona pametokea uvimbe mdogo kama ndimu. Nikiinua jembe unatoka. Nikikohoa unatoka zaidi. Baada ya mwezi ulikuwa kama ngumi, na ukiubonyeza unanguruma ndani. Nikilima matuta mawili tu, maumivu yananikunja. Nikawa nakaa kivulini huku Mwanaidi analima peke yake.

Bi Mwajuma akaona. Jioni moja akasema na binti yake kwa sauti ya kunifikia mimi nyuma ya ukuta: "Mumeo mgonjwa wa nini? Anakula, anacheka, analala. Jembe tu ndilo linalomuumiza!"

"Mama, ana uvimbe tumboni," Mwanaidi akasema.

"Nani kauona?"

Hapo ndipo penye balaa. Mkwe utamfunulia tumbo mama mkwe wako? Haiwezekani! Tukamwita mganga wa kijijini. Akaniambia nilale mkekani. Nikalala, uvimbe ukaingia ndani kimya kimya. Akapapasa, akapaka dawa, akasema umepona, akachukua kuku wake akaenda zake. Nikasimama, na wenyewe ukasimama nami! Nikamkimbilia. Akaguna. "Ngiri hukaa kinenani," akasema. "Huo wako siujui."

Mwishowe Bi Mwajuma akatoa neno. "Aende mjini kwa mganga wa Wadachi, hao Wajerumani. Akiandikiwa ni mgonjwa, tutamtunza. Akiandikiwa ni mzima na halimi, arudi kwao, mwanangu ataolewa na mwanamume."

Mwanaidi alilia usiku kucha. Mimi pia nililia, sioni aibu kuwaambia. Nilimpenda, bado nampenda.

Tukateremka watatu, Bi Mwajuma mbele na kikapu chake cha ndizi za kuuza. Wao wakabaki uani, mimi nikaingia. Bwana mganga alikuwa na watu wengi siku ile. "Lala," akasema. Nikalala. Uvimbe ukajificha. Nilitaka kumwambia unatoka nikisimama, lakini sikuthubutu. Mdachi kasema lala, wewe nani? Akabonyeza huku na huku, akaandika cheti. "Wewe mzima. Nenda kalime."

Nikatoka na cheti changu kama mtu aliyepewa talaka. Na hapa mlangoni, akifagia, alikuwa Masanja, Mnyamwezi, mtani wetu. Akaniuliza ninatoka wapi. Nikamwambia milimani.

"Ala! Mluguru!" akapiga kelele. "Nyie mnaolima ukutani, mbegu mnazifunga kamba zisianguke! Mbona umenuna, unakufa? Usijali mtani, mimi nitakuzika. Ila nitakuzika umesimama, maana kwenu hakuna mahali tambarare pa kumlaza maiti!"

Jamani, pamoja na huzuni yote, nilicheka! Nilicheka mpaka machozi. Na katika kucheka, uvimbe ukachomoka, puu, nikashika tumbo.

"Nini hicho?" Masanja akatupa ufagio, akanipandisha kanzu juu bila kuuliza. "Bwana mganga! Bwana mganga! Njoo!"

Na nani alikuwa amekuja na kikapu kusikiliza cheti kimesemaje? Bi Mwajuma! Akasimama mbele ya tumbo langu, mdomo wazi. Kisha akajifunika uso kwa kaniki. "Yarabi! Nimeliona! Sikutaka kuliona, lakini nimeliona!"

Bwana mganga akatoka. Safari hii hakuniambia nilale. "Kohoa," akasema. Nikakohoa. Akarudisha uvimbe polepole, kidole chake kikazama kwenye tundu, nikahisi anapapasa ukingo wake. Akachukua kile cheti, akakichana. "Nilikosea," akasema. "Mpini ulipasua nyama za tumbo kwa ndani, ngozi haikupasuka. Utumbo unapita hapo. Siku ukinasa usirudi, utakufa. Lazima nishone."

Nilitaka kukimbia. Bi Mwajuma, bado amejifunika, akasema na Mwanaidi, aliyekuwa amemfuata, "Mwambie mumeo ashonwe. Shamba litalimwa."

Wakanifunika pua kwa kitambaa chenye dawa, harufu tamu ya kuchefua. Wakaniambia nihesabu. Nilifika saba, nikaamka kumeshakwisha! Nilitapika, kidonda kiliwaka moto, sikuweza kujigeuza siku tatu. Bwana mganga akatoa amri moja: nisicheke, nyuzi zitakatika. Masanja akapigwa marufuku kuingia. Basi akawa anakuja dirishani, haongei neno, anafanya tu kama anafunga mbegu kamba. Mshenzi yule! Nilikuwa nageukia ukuta na kumwomba Mungu aniondolee Wanyamwezi wote.

Niliporuhusiwa, niliambiwa nifunge tumbo vizuri na nisiinue kitu kizito miezi mitatu. Hatukuwa na nguo ya kufungia. Mwanaidi akaniletea kaniki. Nikaijua mara moja. Ilikuwa ya Bi Mwajuma, ile aliyojifunikia uso. Na tulipofika juu, mteremko wangu wote ulikuwa umelimwa. Mama mkwe alikuwa ameulima mwenyewe, na hajalitaja jambo hilo mpaka leo.

Basi namshukuru Mungu, na mkono wa bwana mganga, na domo la Masanja. Nanyi mkiingia humo, msione haya. Ukipigwa tumboni, usiseme hakuna damu hakuna neno. Uvimbe ukitoka, nenda mapema. Ukiambiwa ulale, lala, lakini kwanza sema: bwana, nitazame nimesimama, nikohoe uone.

Mnasikia kilio hicho uani? Ni binti yangu, ana miezi miwili. Masanja anadai ni wake nusu, kwa ajili ya kile kicheko. Mwambieni akamwombe bibi wa mtoto, ndiye aliyembeba mgongoni, kwa kaniki ileile.