Leso Iliponifikia Kliniki

Juzi, katika kliniki moja ya Kawangware, mwalimu mzungu mwenye mguu uliovimba alimpa karani kadi ya bima ya kwao. Karani akaigeuzageuza, akairudisha.

"Hii haitambuliki huku. Hapa ni pesa mkononi."

Mzungu akapekua mifuko, mitupu. Mimi, na tai yangu shingoni, ninayewahubiria waumini utu kila wiki, nikacheka: leo naye ameonja kukataliwa ugenini.

Mama mmoja Mkongo, muuza sukuma wiki, akavua leso begani, akatia shilingi tano na kuanza kuizungusha. "Jamani, huyu ni mgeni, hana mtu huku."

Kila mtu akatia chochote. Leso iliponifikia nilikuwa nasoma tangazo la chanjo, noti ya mia mbili ikinichoma mfukoni.

Mama akatumbukiza shilingi tano nyingine. "Hii ni ya huyu baba wa tai," akasema kwa upole. "Labda naye amekwama."

Heri angenitukana.