Mzee Aliniambia Ana Sukari, Nikaandika Hakujibu

Nimekosa, na kwa miezi minane mtu mwingine ndiye aliyebeba lawama yangu. Nayasema hapa kwa sababu nimechoka kuonekana mtu mzuri.

Nilikuwa karani wa mapokezi katika hospitali ya kibinafsi ya magonjwa ya akili, hapa Nyeri. Si daktari, si muuguzi. Mimi ndiye niliyejaza fomu kabla mgonjwa hajalazwa. Ukurasa wa kwanza ni maelezo ya aliyemleta. Wa pili ni ya mgonjwa mwenyewe, kwa maneno yake.

Ule wa pili tuliuruka. Sote! Tulijiambia, mtu aliyechanganyikiwa atasema nini cha maana? Mimi nilisifiwa kwa kasi. Foleni haikuwahi kunishinda.

Jumatatu moja asubuhi akaja Nderitu, mwanamume wa miaka arobaini hivi, amemleta baba yake kutoka Mweiga. Mzee alikuwa na koti la suti na viatu vya gambuti vyenye tope la zizini. Nderitu anafanya kazi Nairobi. Alikuwa amefika nyumbani wikendi akamkuta mzee anatukana watu na kuongea ovyo. Mama yake hakuwepo. Alikuwa ameenda Timau kumsaidia binti yao aliyejifungua.

"Sista, jana amekaribisha ng'ombe chai," Nderitu akaniambia. "Ati kikombe na sahani!"

Tukacheka. Ndiyo, nilicheka mbele ya yule mzee.

"Ako na ugonjwa ingine?"

"Huyu? Hajawahi kumeza hata dawa ya kichwa."

Nikaandika: Hana.

Mlinzi akaita kwamba gari la Nderitu limeziba lango, kijana akatoka kulisogeza. Nikabaki na mzee. Tangu aingie alikuwa ameomba maji mara tatu na kwenda choo mara mbili. Midomo ilikuwa imemkauka kabisa. Niliyaona yote hayo. Mimi ni mtu wa kuona, hata kifungo kilichokatika kwenye shati la mtu hakinipiti. Lakini kuona si kuandika.

Akaegemea dawati langu, akasema polepole, "Mami, niko na sukari. Dawa napewanga na mama ya Nderitu. Usiambie kijana."

Haikunishangaza. Wazee wetu wengi huwaficha watoto mambo ya mwili wao. Mke ndiye anayejua, basi.

"Sawa, guka," nikamjibu, kama tunavyowaita babu zetu, "nimesikia. Kaa chini."

Akakaa. Kisha akaigeukia kalenda ukutani akaiambia ifunge mlango wa zizi. Nikajisemea, si unaona? Nikaiacha fomu kama ilivyo.

Daktari aliisoma. Hana ugonjwa mwingine. Akaagiza sindano ya kumtuliza, mzee akalala. Asubuhi iliyofuata hakuamka. Walipompima sukari, ilikuwa juu hata mashine haikuweza kusoma. Akakimbizwa hospitali kubwa, na Alhamisi akafariki.

Mkewe alikuwa amefika Jumanne mchana kutoka Timau, na kadi ya kliniki ameifunga ndani ya leso. Nilikuwa pale dawatini.

"Nderitu, hukuwaambia ako na sukari?"

"Mama, sikujua."

"Na kuuliza? Hata kunipigia simu uniulize?"

Kijana wa watu akanyamaza. Nami nikanyamaza! Woi, ninavyojichukia nikikumbuka.

Meneja akaitisha faili. Kabla sijampelekea, nikafungua ule ukurasa wa pili nikaandika: Mgonjwa hakujibu maswali. Wino uleule, mwandiko mzuri. Meneja akasoma, akashusha pumzi. "Basi hii ni ya familia," akasema. Nikaitikia kwa kichwa.

Nakaa mtaa wa Majengo, na jirani yangu mmoja ni mtu wa Mweiga. Yeye ndiye aliyeniletea habari za mazishi, bila kujua anamletea nani. Ndugu za marehemu walimkataza Nderitu kutupa udongo kaburini. Kijijini wakamwita yule aliyempeleka baba yake kwa wazimu akafie huko. Mama yake haitikii salamu yake. Kila mwezi jirani ananiambia yaleyale, na mimi namwongeza chai.

Ilipotimia miezi minane nikashindwa kuvumilia. Jumamosi nikaenda Mweiga.

Nderitu alinikuta langoni, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nilitarajia kofi. Hakuinua hata sauti.

"Mimi nimekuwa nikijiuliza kila siku kwa nini sikumuuliza," akasema. "Na alikuwa amekuambia wewe." Kisha, "Hiyo maneno utarudia mbele ya mama?"

Mama alikuwa amekaa uani akichagua viazi vya mbegu. Nikarudia, neno kwa neno. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Alisema hivyo? 'Mama ya Nderitu'?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hivyo hakuwa amenisahau."

Akalia kwa muda mrefu, viazi mkononi. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Nderitu, uko na njaa?" Yule mwanamume mzima akaketi chini, palepale kwenye udongo, akaufunika uso wake.

Niliondoka bila kuagwa, na sikustahili kuagwa. Jumatatu nikampa meneja barua yenye ukweli wote. Kufikia saa sita nilikuwa nje ya lango na begi langu. Sijapata kazi nyingine. Lakini hilo si la kunionea huruma.

Wewe unayejaza fomu za watu, popote ulipo, muulize aliyeletwa. Andika alichokuambia, hata kama sentensi inayofuata anaongea na ukuta. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Mzee hatarudi hata nikikiri mara mia. Lakini ile miezi minane ya mwanawe ningeweza kuizuia kwa sentensi moja, na nilikuwa nayo mdomoni siku zote.