Dodoso Nililolitafuna Stendi ya Nachingwea

Nimefukuzwa kazi Lindi, nimefukuzwa Masasi, na Ruangwa kuna duka nilidumu wiki mbili tu, na hayo yote huwa nasimulia nikicheka. Hili la Nachingwea nalisimulia nikiangalia chini, kwa sababu ndiyo siku stendi nzima ya watu wazima iliponiona nikila karatasi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nimepata kibarua kwenye mradi mmoja wa afya (jina silitaji, nimeshajifunza). Kazi yangu ilikuwa kufagia na kutunza stoo, lakini mjini nilijitambulisha kama afisa takwimu, na kwa kuwa nilitembea na kalamu mfukoni nilikubaliwa. Vijana wa mradi walizunguka Kiegei, Mnero mpaka Kilimarondo na madodoso, yaani zile karatasi za maswali: mna choo, mnachemsha maji, mama unatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Kabla hujajibu uliambiwa majibu yako ni siri. Na siri ililindwa kweli kweli. Kompyuta ilifungiwa chumba chenye kufuli mbili na kufunikwa kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi, wakati madodoso yenyewe, yenye jina la mkuu wa kaya juu kwa herufi kubwa, yalirundikwa kwenye maboksi chini ya ulinzi wangu mimi, niliyeishia darasa la tano na nisiyeweza kupita penye maandishi bila kuyasoma.

Niliyasoma yote. Mchana wa joto nilijilaza juu ya maboksi, nikawa najua nani ana choo na nani ana ukuta wa choo tu.

Siku moja mratibu wetu, bwana aliyeletwa kutoka mikoa ya mbali na aliyependa sana utaratibu alimradi utekelezwe na mtu mwingine, akasema taarifa zote zimeshaingia kwenye kompyuta, kwa hiyo nichome maboksi. "Usibakize hata karatasi moja," alisema, "humo mna siri za watu." Kisha akapanda gari kwenda Lindi kwenye semina ya kutunza siri za watu. Sitanii.

Nikachoma. Nilipofika boksi la mwisho mvua ikaanza, nikalivuta chini ya upenu, na hapo ndipo akapita Mama Hadija, muuza maandazi wa stendi. Magazeti wakati ule yalitufikia machache na kwa kuchelewa, maandazi yalifungwa kwa daftari za wanafunzi zikipatikana, na yeye alikuwa ameishiwa. Akaniuliza kwa uchungu inakuwaje nachoma karatasi safi hivi, akaniahidi chai na maandazi mawili kila asubuhi. Nikapiga hesabu yangu ya darasa la tano: siri zimeshahamia kwenye kompyuta, kwa hiyo kilichobaki humu ni karatasi tu. Akajitwika boksi.

Kesho yake nafika stendi kudai chai yangu, nakuta utulivu ambao sijawahi kuuona pale. Watu wanasoma. Fundi Saidi, mshona nguo mwenye sauti ya mnadani, alikuwa anawasomea wasiojua kusoma kwamba mwenyekiti wa kamati ya afya wa kijiji fulani, kwenye swali la choo, alijibu hana. Watu wanacheka mpaka chai inawapalia, nami nacheka nao kidogo, kabla sijakumbuka kwamba boksi ni langu.

Hapo Mzee Chilumba akanishika mkono, akanionyesha karatasi iliyofunga andazi lake. Ni mkulima wa Kiegei, Kimwera chake kizuri kuliko Kiswahili chake, na katika kusoma anajua jina lake tu.

"Mwanangu Afisa, hili jina langu. Serikali inanitaka nini?"

Nikaangalia. Dodoso lile nililikumbuka. Mkewe, Mama Swaumu, alijibu kwamba ana watoto saba na anachoma sindano ya uzazi wa mpango, na kijana wa mradi akaongeza pembeni, akapigia mstari: mume hajui. Mume mwenyewe alikuwa anamsubiri wa nane, na alishatangaza kwamba asipokuja mwaka ule, mama anarudishwa kwao.

Nikamwambia wanamshukuru kwa nyumba nzuri.

"Maneno yote haya kunishukuru?"

"Lete hapa, Mzee," Fundi Saidi akanyoosha mkono. "Huyo anasoma polepole."

Sikufikiri. Nikalinyakua dodoso pamoja na nusu andazi lililokuwa ndani, nikalisokomeza lote mdomoni, nikatafuna. Wino una uchungu, ila mafuta yanasaidia kumeza.

"Anakula barua ya serikali," Mzee Chilumba akasema taratibu.

"Mwacheni, mradi haumlipi," Fundi Saidi akajibu, huku akikunjua karatasi ya andazi lake mwenyewe. "Kumbe na Afisa yumo!" (Vijana walifanyia mazoezi kwangu, nikajibu ukweli.) "Elimu, darasa la tano. Kazi, mfagizi. Choo, anatumia cha jirani. Jirani hajui."

Jirani yangu alikuwepo.

Karatasi zilizobaki nilizichoma kwenye jiko la Mama Hadija, naye akinitukana kwa Kimakonde. Mratibu alirudi na cheti cha semina, akanifukuza kwa barua aliyoiacha wazi mezani siku nzima, ofisi yote ikaisoma kabla yangu.

Wiki iliyofuata nikakutana na Mama Swaumu sokoni. Nikajiweka sawa kupokea shukrani.

"Nasikia ulikula karatasi yetu."

Nikatabasamu.

"Ulijuaje kwamba ndiyo ya kuliwa?"

Nikainama kuchagua nyanya ambazo sikuwa na hela ya kuzinunua.

"Basi kabla hujaila kwa mdomo ulishaila kwa macho," akasema, akajitwika kapu lake, akaondoka.

Tangu siku hiyo nikinunua karanga naigeuza karatasi, maandishi chini, hata iwe daftari la mtoto la hesabu. Macho yanawasha bado, siwadanganyi, ila nikikumbuka ladha ya wino ule yanatulia.