Vitambaa vya Mama Mapasa

Ukiniambia leo nijitambulishe mbele ya watu, nitasema jina langu, nitasema nakaa mtaa wa Mapendo, basi, nakaa chini. Wenzangu kazini wanafikiri nina haya. Haya nitoe wapi mimi! Mdomo ninao tangu utotoni, na mama alikuwa akisema nitakuja kuwauzia watu wa Goma mawe ya volkano, hayo hayo wanayoyakanyaga kutwa. Ninakaa chini kwa sababu siku moja nilijitambulisha vizuri kupita kiasi.

Wakati huo nilikuwa na diploma na sikuwa na kazi. Nilikula kwa baba, ambaye alifanya biashara ya maharagwe kati ya Butembo na Goma na hakuwahi kunihesabia sahani. Dosié zangu za kuomba kazi nilizichapisha kwenye kibanda kimoja cha fotokopi, na hapo ndipo nilipojuana na mwanamke mwingine aliyekuwa akichapisha za kwake. Alitoka upande wa Rutshuru. Vita ilimtoa huko, akakaa kambini karibu miaka miwili, kisha akapanga chumba cha mbao Ndosho. Alikuwa amezaa mapacha, kwa hiyo sote tulimwita Mama Mapasa, kama huku kwetu anavyoitwa mama wa mapacha. Mume wake hakuna aliyejua yuko wapi, na yeye mwenyewe alishaacha kuuliza.

Tukaitwa wote wawili kwenye usaili wa nafasi moja. Shirika dogo lilitafuta mtu wa kusimamia robine, yaani mabomba ya maji ya mitaani, huko ambako watu wanapanga bidoni, madumu yao ya maji, tangu alfajiri. Kwangu kazi ile ilikuwa heshima, kitu cha kumjibu shangazi akiuliza. Kwake ilikuwa chakula cha watoto wawili na mlango unaofungika. Nililijua hilo vizuri, nisijisafishe hapa.

Jumamosi kabla ya usaili alikuja kwetu tufanye mazoezi. Mimi nikawa mkubwa wa ofisi, nikavaa na miwani ya baba. Nikamwambia ajitambulishe. Akaanza na babu yake, akashuka kwa baba, akataja kijiji, parokia, padri aliyembatiza, na shule ya msingi. Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Nikamwambia, weee, hawa watu hawatafuti mchumba, wanatafuta mfanyakazi. Waambie kitu kimoja ulichofanya kwa mikono yako.

Alifikiri sana. Akasema hakuna alichofanya, alikuwa tu kambini. Nikamkazania. Ndipo akanisimulia, huku akiniomba radhi kwamba ni mambo madogo, jinsi kambini kwao kulivyokuwa na robine moja na maji yalikuja saa mbili tu kwa siku. Bidoni zote zilikuwa za njano, zote sawa, kwa hiyo mwenye nguvu alisogeza ya kwake mbele na kuapa kwamba ilikuwa hapo tangu asubuhi. Wanawake walipigana hadi kung'oana meno. Yeye akawaambia kila mmoja afunge kitambaa kwenye mkono wa bidoni, na yeye akawa anasimama pale kuangalia. Baada ya wiki moja hakuna aliyepigana.

Nikamwambia hiyo ndiyo ya kusema, hiyo hiyo. Akafurahi kama mtu aliyeokota kitu chake mwenyewe. Nilijivuna sana jioni ile, na nilijiambia kwamba bila mimi asingejua kabisa kama ana la kusema.

Jumatatu tukakaa kwenye benchi la ofisi ile, mtaa wa Keshero, na wenzetu sita. Waliita kwa herufi za majina, na jina langu lilikuwa mbele ya lake. Ndani walikaa watu watatu. Wakaniambia kwa Kifaransa nijitambulishe, nami nikaanza yale niliyoyakariri: mimi ni mtu wa bidii, najua kufanya kazi na wengine, sichoki upesi. Yule wa katikati akaweka kalamu chini. Hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka tu. Tangu asubuhi walikuwa wamempitishia watu wa bidii.

Nikaona kazi inaniponyoka. Nikafungua mdomo tena, nikasema, "Niliwahi kukaa na akina mama wa kambini." Hiyo ilikuwa kweli kidogo, kwaya yetu iliwahi kupeleka sabuni huko. Baada ya hapo hakuna tena la kweli. Nilisimulia robine moja, bidoni za njano, meno, na nikaongeza kwamba mimi ndiye niliyechana kitambaa na kugawa vipande. Yule wa katikati akachukua kalamu. Akaandika, akageuza karatasi, akaandika tena. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasikia utamu.

Nilipotoka, Mama Mapasa aliinua uso kuniuliza kama imeenda vizuri. Nikasema wanauliza mambo ya kawaida. Ningeweza kumwambia. Kulikuwa na dakika kama kumi kabla hajaitwa, na nilizitumia kutafuta kitu kwenye mkoba wangu ambacho hakikuwamo.

Hakukaa ndani muda mrefu. Tulirudi pamoja kwa miguu, na njiani akaniambia kwamba alipofika kwenye vitambaa wale watu walitazamana, mmoja akamuuliza kama alikuwa anasikiliza mlangoni. Nikasema hao watu wa ofisini wana dharau. Nikamnunulia mandazi. Aliyafunga kwenye karatasi, awapelekee mapacha.

Kazi nikapata mimi, ila nilianza karibu miezi miwili baadaye. Baba alichinja mbuzi. Mama Mapasa sikumwalika, nilijidanganya kwamba ni mbali na mvua ilikuwa inakaribia.

Wiki yangu ya kwanza mkubwa wa kazi akanipeleka kwenye robine moja Ndosho, penye ugomvi wa kila siku. Akasema hapa ndipo nifanye ile mbinu yangu, na Ijumaa atarudi kuona. Nilikuwa katika miezi ya kujaribiwa, na alinikumbusha hilo kwa upole. Nikanunua kikwembe kizima, kitenge cha kujifunga kiunoni, nikachana vipande, nikagawa kama nilivyosema kwenye usaili. Siku ya kwanza walinishangilia. Siku ya pili kila mtu alikuwa na kipande kinachofanana na cha mwenzake, wakafungua, wakafunga, wakahamisha, na mama mmoja akapigwa bidoni mgongoni hadi akalala kwenye mawe. Mwingine akanigeukia akaniuliza mimi nimetoka wapi na vitambaa vyangu vya upuuzi. Nilikuwa sijui mbinu yangu.

Alhamisi nikaenda kwa Mama Mapasa. Nilikuwa na jile, kile kizibao cha kazi, na suruali, na aibu ya kutosha, ila aibu haikunirudisha nyumbani. Nilimkuta uani akifua nguo za watu. Akanikaribisha, akapangusa kiti, akasema jile inanipendeza. Nikamweleza ugomvi wa kwenye robine, nikizunguka, nikisema mkubwa amependa "mawazo kama yale ya kwako". Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukamua shati.

"Si kugawa," akasema. "Kila mama anapasula kwa kikwembe yake mwenyewe, ile anavaa. Ile rangi iko kwa bidoni, iko na kwa mwili yake. Akiiba nafasi ya mutu, watu wanamuangalia tu."

Lilikuwa jambo rahisi hivyo, na nilikuwa nimelisimulia mbele ya watu watatu bila hata kulijua. Nikamuuliza alijibu nini siku ile walipomuuliza kama alisikiliza mlangoni. Akaanika shati kwenye kamba kwanza.

"Nikawaambia tulifanya ile kazi wote wawili," akasema. "Kama ningesema ukweli, wangefukuza wewe, na mimi pia wangeniona mutu wa fujo. Afazali mumoja aingie. Nikafikiri ukiingia, utanikumbuka."

Ilikuwa imepita miezi miwili tangu usaili ule. Sikuwa nimemkumbuka mpaka siku niliyomhitaji, na hilo alikuwa analijua tangu aliponiona naingia uani. Nililia. Yeye hakulia. Akaniambia ninyamaze, mapacha wataogopa, kisha akanionyesha fundo, kwa sababu fundo nalo lina namna yake, likifungwa vibaya mtu analivuta kwa kidole kimoja. Akaleta bidoni. Akaniambia nijaribu.

Nikajitazama. Suruali, jile, hakuna kikwembe. Akanitazama na yeye. Kisha akainama, akashika pindo la kikwembe chake, kile kimoja nilichokuwa namwona nacho kila siku, akakipasua mpaka juu ya goti na kunipa kipande.

"Chukua," akasema. "Kesho mukubwa yako anakuja."

Na mimi nikachukua.